Mama Yangu Hakujua Kusuka

Asubuhi za Karuba ni baridi, na mafuta ya kokwa za michikichi ambayo mama alinunua kwa wachuuzi wa Hombo yaliganda ndani ya chupa. Ilimbidi aiweke chupa kando ya moto wa kuni, na mara nyumba nzima ikajaa harufu kali, kama ya kitu kilichokaangwa hadi kikakaribia kuungua. Nilikuwa msichana wa miaka kumi. Msimu ule wa mvua, watu waliokimbia vita upande wa Kibua walifika kijijini kwetu wamelowa, wakapewa madarasa ya shule yetu walale humo. Kila nyumba ilitoa ilichokuwa nacho: maharagwe, mihogo, maziwa, blanketi. Mama alipeleka maharagwe kama wenzake, kisha akarudi kuchukua kitana, uzi mweusi na ile chupa.

Alikuwa amemwona mwanamke aliyekaa akiuelekea ukuta. Walimwita Mama Riziki, kwa jina la binti yake mdogo. Tangu afike hakuwa amemjibu mtu, na chakula alikionja kidogo tu. Riziki alimshikia kijiko mdomoni, naye akageuza uso. Mama akaketi karibu naye. “Dada, nywele zako ziko zimeshikana. Uniache nikusuke.” Mama Riziki akabaki ameuelekea ukuta. Basi mama akaanza kuwasuka wanawake wengine palepale, akipiga soga kuhusu ng'ombe wetu mkorofi, nami nikimshikia uzi. Kesho yake akarudi, na keshokutwa.

Nakiri niliona aibu. Wenzangu walisema mama anaokota chawa wa wageni. Lakini kilichoniuma zaidi ni kwamba mama yangu hakujua kusuka. Mistari yake ilipinda huku na huku kama njia za ng'ombe mlimani, na kila mtu aliona. Tukiwa njiani kurudi nikamwambia, “Mama, watu wanatucheka.”

“Waache wacheke,” akasema. “Ni siku mingi hawajacheka. Wewe shika uzi.”

Siku ya nne Mama Riziki aligeuka. Alikitazama kichwa kilichokuwa mikononi mwa mama, akakitazama tena.

“Mama, uko unasuka mubaya,” akasema, kwa sauti iliyokwaruza kwa kukaa bila kutumika. “Unaharibu kichwa ya muntu. Leta uzi.”

Darasa zima likageuka kumtazama. Kumbe kwao Kibua yeye ndiye aliyekuwa akisuka maharusi! Mama hakukasirika hata kidogo. Alimpa uzi, akaketi sakafuni mbele yake na kuvua kitambaa. “Basi nisuke miye, dada, nione vile munafanya kwenu.” Vidole vile vilikimbia kana kwamba havijawahi kupumzika. Alipomaliza, Riziki alipiga makofi na kupaza kigelegele chembamba cha kitoto. Mama yake akacheka, kisha akalia, kisha akauliza kama maharagwe yamebaki.

Jumapili mama aliingia kanisani shingo ameinyoosha, kichwani mistari imezunguka kama taji. Nilitembea nyuma yake nikitaka kila mtu ajue kuwa ni mama yangu. Jumatatu wanawake wa Karuba walijipanga mlangoni mwa shule wakimngoja Mama Riziki, na hakuna aliyemwita mgeni tena.

Leo mimi ni muuguzi huko Walikale. Kila asubuhi simu yangu hujaa picha za maua na maneno ya kunitakia siku njema, nami nazifurahia. Nimehudhuria mafunzo mengi ya namna ya kuwafariji waliofiwa na waliokimbia. Daftari za mafunzo hayo zinajaza sanduku. Mama hakumaliza hata shule ya msingi. Wiki iliyopita mgonjwa mmoja alikataa kusema nami, nikajaribu kila nilichofundishwa, akageuza uso. Mwishowe nikaketi ukingoni mwa kitanda chake, nikamwambia kwamba sombe yangu, yale majani ya mihogo ya kutwanga, haijawahi kuwa tamu, na wifi zangu wananisema. Akanitazama kwa huruma. “Unatwanga namna gani?” akauliza.

Nimesoma kuliko mama. Bado sijamfikia.