Bandeji na Ngao ya Kifaru

Kazini, kwenye kituo cha kutibu vifaru, walimwita Bandeji, na jina hilo alilivaa kama cheo. Kwa miaka kumi na tisa, kila kifaru aliyeokolewa baada ya kukatwa pembe na majangili, kidonda chake kilipita mikononi mwake. Daktari wa zamani, kabla ya kustaafu, alizoea kuwaambia wageni, "Mimi nachoma sindano tu. Anayeponya ni huyu."

Kisha akaja daktari mpya, binti wa rika la mwanawe wa kwanza.

Wiki hiyohiyo akaletwa kifaru jike aliyechongwa pembe hadi mfupani. Usoni palibaki shimo, na pumzi ikitoka humo na povu la damu. Binti akamlaza kwa sindano ya usingizi, akamfunga macho kwa kitambaa, akaondoa vipande vya mfupa uliokufa, akafunika jeraha kwa ngao ya ngozi ngumu aliyoibuni mwenyewe na kuishona kwa waya. Watu wakapiga picha. Bandeji alikuwa ameshika ndoo. Pichani ilionekana ndoo.

"Siku hizi vifaru wanavalishwa kofia," alimwambia mkewe mezani.

"Inamsaidia?"

"Mwulize daktari wako."

"Amekuwa wangu tena?" Mkewe akaangua kicheko. "Mume wangu, una wivu kama mke mkubwa aliyeletewa mwenzake!"

Hakucheka.

Siku ya tatu ngao ikang'oka. Binti akaishona upya, ikang'oka tena. Bandeji, ambaye sasa alibakiziwa kazi ya kujaza maji, alijua sababu. Kila mara kifaru alipoinama kunywa, ukingo wa ngao ulinasa kwenye birika la saruji, naye akajinasua kwa nguvu. Alishuhudia mara nne, akanyamaza kimya. Kumwona binti akikuna kichwa kulimpa raha ambayo asingeweza kumsimulia mtu.

"Mzee wangu, wewe unaonaje?" binti alimwuliza.

"Mimi? Mimi ni mtu wa ndoo."

Siku ya tisa kifaru alisusa majani, akasimama ameegemeza kichwa ukutani. Harufu iliwapokea mlangoni. Walipomlaza, jeraha lilikuwa linachemka funza. Binti akapiga magoti akiwatoa mmoja mmoja kwa koleo, saa mbili nzima, machozi yakimdondoka bila kuyafuta. Bandeji alimwagilia maji mwili wa yule mnyama usipate joto. Aliposikia pumzi ikikatika na kurudi, akaweka ndoo chini.

"Daktari, ni birika," alisema. "Ngao inanasa pale anapokunywa."

Binti hakuinua kichwa. "Umejua tangu lini?"

"Tangu ilipong'oka mara ya kwanza."

"Kalete karai pana, lisilo na ukingo mrefu," binti akasema. "Tutaongea akiamka."

Hawakuongea. Mwezi mzima salamu za binti zilikuwa za mkato, na neno "mzee wangu" likapotea. Lakini ngao haikung'oka tena, na nyama mpya ikaanza kuziba shimo.

Asubuhi moja binti alimwekea mbele kipande cha ngozi, waya na sindano. "Jifunze. Siwezi kuwa hapa kila siku."

Alishona hadi vidole vikafa ganzi. Mshono wake ulipinda. Wa binti, pembeni yake, ulinyooka kama umepigwa rula. Hilo nalo lilimchoma. Akaufumua wake, akaanza upya.