Kaa la Moto Lililotoka Nyumbani

Nilimwuguza bibi mmoja wa Ayalandi huku Jeddah, mtaa wa Al-Hamra. Binti yake ni nesi, mchana kutwa yuko kazini, tunabaki wawili, kifua cha bibi kikikoroma kama birika. Kiingereza changu cha jikoni, sikukipata shule, lakini alisema polepole tukaelewana.

Hadithi zake zote za kwao zamani. Nyumba ya mawe, paa la nyasi, na moto wa udongo mweusi waliouchimba kinamasini wakaukausha. Eti ule moto haukuzimika tangu enzi za babu yake! Usiku waliufunika jivu, asubuhi wakaufukua u hai. Nikamwambia kwetu Mombasa tuliomba moto kwa jirani, mama akinituma na kifuu. Akanikazia macho.

"Hata kukiwa na mgonjwa?"

Kwao nyumba yenye mgonjwa haitoi moto. Mamake alimpa jirani kaa moja tu, kitoto kichanga kina homa. Walikizika kabla ya nyasi za ng'ombe kukatwa.

Nilicheka. Nasi wa pwani tuna yetu, hatufagii taka nje jua likizama, lakini nisipotee.

Alasiri moja nimewasha chetezo nifukize udi, chumba kitoke harufu ya dawa. Akabisha mfanyakazi wa jirani, msichana wa Kisumu, na kifuniko cha bati mkononi.

"Mama, nisaidie kaa la moto! Wageni wamefika, madam ananipigia kelele, yalla, yalla!"

"Na makaa yenu mmekula?"

Nikampa. Kugeuka, mlango wa chumba uko wazi, bibi ananitazama.

"Lirudishe."

"Bibi, ni kaa tu."

"Lirudishe, dada."

Nikakimbia na kandambili. Wageni walishajifukiza, kaa limekuwa jivu. Msichana akacheka, "Mama, hata jivu mnadai?" Nikarudi, nikapitia jikoni, nikawasha kaa jipya kwenye gesi, nikampelekea bibi kwenye chetezo.

Akaliangalia kitambo.

"Hili si letu." Kisha neno la Kiarabu alilozoea kumwambia mleta maji, yaani basi, imetosha: "Halas."

Akageukia ukutani. Nikampigia bintiye simu, akaja bado amevaa nguo za hospitali, akamshika mkono. Ijumaa bibi hakuiona.

Mpaka leo, nikiwa nyumba yenye mgonjwa, jirani akija kuomba moto namwambia mafi, hakuna, hata chetezo kikifuka moshi nyuma yangu.