Mikungu Iliyofunikwa Majani

Nakumbuka mchana mmoja wa jua kali hapa Rumonge, mwanangu, nilipomkuta mdogo wangu Divine akipanga meza yake upya. Mtihani wa taifa ulikuwa umekaribia hata nikawa nashtuka nikisikia kengele ya shule. Yeye alikuwa amefua sare, amechonga kalamu, amechora ratiba nzuri ya rangi. Kitabu cha kemia kilikuwa bado kimefungwa.

Ujue kwanza hali yetu. Wazazi walipotutoka, mimi mkubwa niliacha shule nikashika kazi ya michikichi ili wadogo waendelee. Sijutii. Ila nilimwomba Mungu kitu kimoja: asije hata mmoja wao akasimama kwenye lile pipa la kuchemshia chikichi kwa kukosa pengine pa kwenda. Divine akifeli, pipa lilikuwa linamngoja.

"Divine, unaanza lini?"

"Nangoja akili itulie, Yaya," akasema, maana huku ndivyo tunavyomwita ndugu mkubwa. "Nikisoma na wasiwasi, haiingii."

Jibu hilo lilikuwa na maana, na ndiyo sababu lilinitisha. Mtu aliyeishia shule ya msingi atambishia nini mtu wa kemia?

Nje, jirani yetu Mama Zaina, tuliyekuwa tukikamua naye mawese, alikuwa amefika kwenye lundo letu la mikungu ya chikichi. Sisi huku mkungu ukishakatwa hufunikwa majani, ukae kidogo, matunda yalegee yasikuchane vidole. Kungoja huko ni sehemu ya kazi. Lakini ukizidisha, matunda huchacha humo humo chini ya majani, na mafuta yake hukwangua koo. Mama Zaina akafunua, akanusa, akaita:

"Divine! Kuja hapa, mutoto wa shule. Hii iko tayari ao bado?"

"Bado, Mama," Divine akajibu tulipotoka nje. "Mengine yameshikilia."

"Na haya?" Akatikisa mkungu, matunda yakammwagikia miguuni. "Haya yaoze kwa kungojea wenzake? Chambua yaliyolegea. Yaliyoshikilia tutayapasua na panga. Ao unangoja mukungu ukuambie karibu?"

Divine alicheka. Akakaa kuchambua nasi, na bila kuinua macho akasema, "Yaya, kuna somo moja la kemia nalijua nusu."

"Basi anza na hiyo nusu," nikamwambia.

Akanawa mikono, akaingia ndani. Mimi nilibaki nje na roho juu juu, naogopa hata kuchungulia, mpaka niliposikia ukurasa ukifunuliwa.

Wasiwasi haukumwacha. Alisoma nao siku zote zile. Akafaulu, si kwa alama za kujivunia, lakini akafaulu.

Sasa nawe, mwanangu, jana nimekuona unachora ratiba kwa rangi. Ni nzuri, ila moyo wangu umeruka kama siku ile. Usingoje hofu iondoke ndipo ufungue kitabu. Shika somo unalolijua nusu, lile lililolegea, na ukilichambua utashangaa mengine yanavyoachia. Litakalokataa, mpelekee mwalimu, mlipasue pamoja.

Mungu aibariki mikono yako isiogope kuanza, na akupe mahali pa kwenda ambapo mimi sikufika. Haya, ingia ndani. Mimi niko hapa nje, nasikiliza ukurasa.