Mwanamke Aliyefuata Mto

Kambo, bibi yangu mzaa mama, alinisimulia hadithi kila nilipotoka shule. Alikuwa akimenya mihogo uani kwetu, hapa Kamina, nami nimekaa karibu yake bado na sare. Niliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya mwanamke aliyeamka akakuta mto umehama, akaufuata na mtungi wake mpaka akasahau njia ya kurudi. Nilimwomba airudie hiyo hiyo hadi mama akatukemea sote.

Nilipokuwa mwaka wa nne wa shule ya msingi, Kambo aliamka mdomo umepinda na mkono wa kulia umelegea. Hospitali walisema ni tansio, damu imepanda. Alirudi nyumbani bila maneno. Wageni walikuja kumpa pole, wakazungumza habari zake mbele yake kana kwamba hayupo.

Nilidhani nikimsimulia mimi, maneno yatamrudia. Nikaanza hadithi ya mto. Akatikisa kichwa. Nikaanza upya, akapiga mkeka kwa mkono wa kushoto, machozi yakamtoka. Sikujua nimekosea wapi. Nikaokota kipande cha makala, mkaa wa jikoni, nikamchora yule mwanamke kwenye ukuta wa jiko ili anionyeshe kwa kidole.

Alininyang'anya makala. Akajikokota hadi ukutani, akachora kitu mgongoni mwa mwanamke: kichwa kidogo, na miguu inayoning'inia.

"Kambo, mu ile hadithi hamukuwaka mutoto," nikamwambia.

Baba, ambaye ni mwalimu na hapendi uchafu, akatoka ndani kwa hasira.

"Nani iko nachafula kibambazi?"

Mama akamshika mkono. Alikuwa ameganda, anatazama ile miguu.

"Acha," akasema. Kisha akanigeukia. "Ile njo dada yako. Tulikimbia vita kule Malemba, weye ungali mu tumbo yangu. Kambo njo alimubeba ku mugongo. Hakufika."

Sikuwahi kusikia kwamba nilikuwa na dada. Baba akakaa chini palepale, na suruali yake ya kazi. Hakuna aliyefuta ukuta. Siku zilizofuata Kambo alidai makala kila alasiri, tukachora pamoja. Alifariki kabla ya mvua, na mvua ikaliangusha lile jiko la udongo.

Sasa nachora vibao vya vinyozi na maduka ya dawa; ndiyo riziki yangu. Jioni nachora watu kwenye magunia ya unga. Mwezi uliopita alinijia mke wa askari, kutoka kambini. Alitaka nimchoree mama yake, aliyefia mbali bila kuacha picha hata moja.

"Paji ilikuwa kubwa," aliniambia. "Hapana, kubwa kupita hivi. Mikono ilikuwa ya kulima."

Nikafuta, nikachora, nikafuta. Tulipofika kwenye macho alikiri kwamba hayakumbuki. Nikamuuliza kama nikisie.

"Usikisie," akasema.

Akalikunja gunia likiwa na paji la uso na mikono tu, akaenda nalo.