Mwajuma na Shimo la Udongo

Wewe Zaina, acha kuniambia mazoezi ni ya wacheza mpira. Mwanao ana usonji, sawa, daktari kakueleza. Nani kakwambia akae ndani siku nzima? Mwanangu, mimi nimelea mtoto wa namna hiyo kabla hilo jina halijafika huku Handeni.

Nakumbuka tulivyohamia kijiji cha ujamaa, hapahapa Kwamsisi. Mdogo wangu Mwajuma alikuwa hasemi, na kule kuhama kulimvuruga kabisa. Kila mtu anajenga, makelele kila upande. Alilia, akajing'ata mikono mpaka damu. Balozi wetu wa nyumba kumi akaja kwa baba: "Mfungieni ndani mpaka ujenzi uishe. Anatisha watoto."

Nikapandwa na hasira. "Shikamoo mzee, lakini ukimfungia yeye nifungie na mimi!"

Baba akanikata jicho. Tunabishana hivyo, Mwajuma akaponyoka, akaingia kwenye shimo la udongo wa kukandikia nyumba, akaanza kukanyaga. Kanyaga, kanyaga, halii, wala hajing'ati. Balozi akataka atolewe. Mama mmoja aliyekuwa anakandika ukuta, mikono imejaa tope, akamjibu: "Mtoe tu, balozi. Halafu vua viatu ushuke ukanyage wewe."

Watu wakacheka mpaka balozi akaondoka zake. Mwajuma akakanyaga hadi akachoka mwenyewe. Siku hiyo alikula, akalala.

Basi, ikawa hivyo kila siku mpaka nyumba zikaisha; kazi ya udongo ilipoisha, akaanza tena kujing'ata. Hapo ndipo nilipoelewa kuwa kule kukanyaga ndiko kulikokuwa kunamtuliza. Kila asubuhi nikawa natoka naye kwenda kisimani, yeye na kindoo chake, njia ileile. Tukirudi anarukaruka uani mpaka atosheke. Hakupona, sikudanganyi. Kusema hakusema. Lakini vidonda vya mikononi vilikauka, na habari za kumfungia zikafa.

Kwa hiyo kliniki usiache, mwanangu. Ila mtoe nje kila siku, saa ileile, afanye anachokipenda: akimbie, aruke, abebe maji. Usimlazimishe. Akiziba masikio, pumzikeni, hata kama majirani wanawakodolea macho.

Mungu akupe subira, na mtoto ampe usingizi mzuri na mwili wenye nguvu. Haya, kesho asubuhi unatoka naye wewe, au nije nimchukue mimi?