Koti la Bhagwanji Ubaoni

Wapo wanaosema Mwamvita binti Shomari alitolewa kwenye chama chetu kwa sababu ya kiburi. Waongo hao. Nilikuwapo, na hasira niliyoipata mwaka ule wa sabini na nne haijanitoka mpaka leo. Kwa hiyo nitasema ilivyokuwa, na anayetaka kununa anune.

Mwamvita alikuwa jirani yangu mtaa wa Chemchem, hapa Tabora. Mwanamke mfupi, mchache wa maneno, vidole vimebadilika rangi kwa dawa za kusafishia picha. Alikuwa mfanyakazi wa studio ya Bwana Bhagwanji. Alianza kwa kufagia, na macho ya mzee yalipochoka akawa yeye ndiye mpiga picha. Akitoka kazini aliutumikia bure Ubao wa Picha.

Ubao huo ulisimama karibu na soko. Uliwekwa na chama chetu cha elimu ya watu wazima, ili hata asiyejua kusoma apate habari: picha kubwa kadhaa, na chini ya kila moja maneno machache. Hatukuuza kitu pale wala hatukutangaza duka la mtu. Watu walisimama na vikapu vyao wakatazama, wakabishana, wakaenda zao kununua michembe, viazi vyetu vya kukausha.

Sasa nieleze koti. Studioni kulikuwa na koti jeusi la kuazima. Mwanamume akija na shati lililochakaa, Bhagwanji humvalisha koti, akapigwa picha, akaituma kijijini kwao Lusu, mama yake akafurahi. Nusu ya wanaume wa mji huu wameposa kwa picha ya koti lile. Mimi ni fundi cherehani, ndiye niliyekuwa nikilitengeneza. Kifungo chake cha pili kilipopotea nilishonea kimoja cha shaba, kikubwa, kilichotoka kwenye nguo ya askari wa zamani. Hakikufanana na vingine, na hapakuwa na mtu Tabora asiyekijua.

Siku moja nilimtania Mwamvita. "Dada, na nyie studioni si mnadanganya tu?"

Hakucheka. "Studioni mtu anadanganya kwa sura yake mwenyewe, na ruhusa anayo," alisema. "Ubaoni ni sura ya mwenzio. Pale simvalishi mtu, wala simwambii atabasamu."

Wakati huo watu walikuwa wanahamishiwa vijiji vipya. Kimoja kilikuwa ndani kidogo kutoka stesheni ya Kigwa, na shirika moja la misaada lilikuwa limekichimbia kisima chenye bomba la mkono. Jina la shirika silitaji, nisije nikatema mate bure. Bomba lilitoa maji kwa siku chache tu, kisha likakauka. Mwamvita alipanda treni akaenda, akampiga picha mama mmoja, Leonia, amepiga magoti kwenye shimo, anachota tope kwa kata. Aliibandika picha ile ubaoni. Mabruki, mwenye lori, akasema mbele za watu kwamba kila Ijumaa atapeleka mapipa ya maji kijijini, na wiki hiyohiyo akaanza.

Lakini filamu zetu na karatasi zetu zilitoka kwa shirika lilelile. Mwakilishi wao, Bwana Lugembe, alishuka kutoka Dar es Salaam na kaunda suti imenyooka, akamtaka Mwamvita aende naye kijijini kupiga picha "ya maendeleo". Walipofika, vijana wake wakamimina debe la maji juu ya bomba ili yatoke chini. Pembeni alisimama Mzee Shilinde, mkulima wa pale, anavalishwa koti la Bhagwanji. Lugembe alikuwa ameliazima asubuhi, na Bhagwanji angekataaje? Koti lile kazi yake ilikuwa kupigiwa picha.

Mwamvita akafunga kamera yake.

"Bibi, filamu hizo ni zetu," Lugembe alimwambia.

"Filamu ni zenu, Bwana Lugembe. Macho ya watu wanaosimama pale sokoni si yenu."

Akarudi stesheni kwa miguu. Lugembe hakukosa mpiga picha mwingine, na picha ilimfikia mwenyekiti wetu, Ndugu Lukumani, karani mstaafu mwenye sauti nzuri na mgongo laini. Mwamvita akiwa kazini, Lukumani aliibandua picha ya Leonia akaibandika ile. Maji yanamwagika, mzee amesimama na koti. Chini yake imeandikwa: "Ndugu Shilinde sasa ana maji safi na nguo nzuri."

Soko zima lilicheka. Walikiona kifungo. "Jamani, koti langu la harusi limehamia kijijini!" Mimi nilicheka na wenzangu mpaka nilipomsikia Mabruki.

"Kumbe mnawavalisha watu," alisema, na hakuwa anacheka. "Basi nitajuaje yule mama hakupakwa tope? Mimi nachomea mafuta tamthilia?"

Ijumaa ile lori halikwenda.

Hapo damu ilinichemka. Leonia hakuvalishwa wala hakupangwa, na sasa watoto wake wanarudi kwenye shimo kwa sababu ya mtu mwenye macho makavu aliyetaka picha ya kuwapelekea wakubwa zake! Na Lukumani, tulipomfuata, alitueleza habari ya adabu kwa wafadhili. Adabu! Nilimwambia maneno ambayo mume wangu aliniomba nisiyarudie.

Mwamvita hakugombana na mtu. Alikwenda kwa Bhagwanji, akarudi na koti begani na nyundo mkononi, akalipigilia ubaoni, kando ya picha. Chini yake akaandika kwa chaki: KOTI NI LA STUDIO. BOMBA HALITOI MAJI. PICHA YA LEONIA ILIKUWA KWELI.

Wazee wa chama wakaitwa mbio. Palepale mbele ya ubao, Lukumani akatangaza kwamba Mwamvita si mwenzetu tena kwa kukiaibisha chama na rafiki zake. Alikuwa anahangaika kuung'oa msumari wa koti wakati mzee mmoja mwembamba, vumbi la safari mpaka magotini, alipopenya kati ya watu.

"Mwangaluka," akatusalimu kwa Kinyamwezi chake. Tulimjua kwa sura kabla hajataja jina. Ni Shilinde wa kwenye picha.

"Shikamoo, mzee," Mwamvita alisema.

"Marahaba, binti yangu. Nimelifuata koti langu. Walinivua baada ya picha, nikadhani wanakwenda kulipiga pasi. Mwalimu wa kijiji ameniambia hapa mmeandika kwamba nina nguo nzuri."

Hakuna aliyecheka. Lukumani aliinamisha uso, msumari mkononi. Bwana Bhagwanji, aliyekuja kulinda mali yake, alilichukua koti, akalikung'uta, akamvalisha mzee na kumfunga vifungo kimoja kimoja, pamoja na kile cha shaba.

"Chukua, Mzee. Nani tena atataka kupigwa picha na koti hili?"

Shilinde akashukuru. Akajitazama mikono, kisha akausogelea ubao na kuweka kidole juu ya picha, pale maji yanapomwagika.

"Koti nimelipata," alisema. "Na haya maji mmeyaweka wapi?"

Nilimtazama Mabruki, na nilikuwa tayari kumtukana. Lakini alikuwa ameshatoa funguo za lori mfukoni, akamshika mzee mkono na kumwambia apande mbele, wapitie kwanza kujaza mapipa.