Mapipa ya Wageni

Nilipopangiwa kazi Nyamongo nilikuwa na hasira na dunia nzima. Mtu umekulia Morogoro, umesomea afya ya mazingira, halafu barua inakuja inakwambia uende Tarime, kwenye kata ya vumbi, wachimbaji wa dhahabu na bodaboda zisizojua breki. Nililia kwenye basi, nikalia na nilipofika. Mama mmoja mjane aliyekuwa na chumba kitupu ndani ya nyumba yake alinipokea, na kufikia wiki ya tatu nilikuwa nimeacha kulia kwa sababu alinikataza.

"Hapa hatuna muda wa mtu mzima kulia bila msiba," alisema. Akaniwekea bakuli la maziwa mgando, akasimama hapo hapo mpaka nikalimaliza.

Mama huyo alikuwa na vitu viwili vya kujivunia: ng'ombe wake, na ghala la kemikali aliloachiwa na marehemu mumewe. Ghala lilikuwa mwisho wa ua, la matofali na bati, na kibali chake kimetundikwa mlangoni. Wenye mitambo midogo ya kuchenjua dhahabu walifuata hapo sayanaidi, ile dawa nyeupe inayotoa dhahabu kwenye mchanga na inayoweza kumtoa mtu roho vilevile. Mama aliiheshimu. Hakuruhusu mtu aingie na sigara, wala na chakula, wala na ujuaji.

Mwaka wangu wa pili likaja agizo kutoka wilayani. Kila mwenye ghala aorodheshe kemikali zake za hatari: ni ipi, kiasi gani, imekaa upande gani. Orodha ziende kwa Zimamoto, ili siku moto ukitokea wale wanaoingia ndani wajue wanakutana na nini. Kazi ya kukusanya orodha za kata nzima nikaangushiwa mimi. Nikaanza na nyumbani, nikidhani ndiko kwenye urahisi.

"Mama, sayanaidi ni mapipa mangapi?"

"Yapo."

"Yapo mangapi?"

"Ya kutosha."

Nikarudia swali kwa upole, kisha bila upole. Akanitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama ndama aliyekwama kwenye tope.

"Mwanangu, kwetu mtu akikuuliza una ng'ombe wangapi, huyo ni mwizi au ni mjinga. Wewe najua si mwizi."

Ilibidi nijifunze upya kazi niliyoisomea. Mama hakuhesabu mali kwa namba, na hasa si kwa mdomo, kwa sababu kutaja idadi ni kuita mkosi uje upunguze. Lakini hakuna kilichompotea. Jioni ng'ombe wakirudi, alisimama mlangoni mwa zizi akawatazama mara moja tu, kisha akasema yule mwenye doa jichoni hayupo, na kweli hakuwepo. Mapipa aliyajua hivyo hivyo. Basi tukakubaliana: yeye ataje sura zao, mimi niandike.

"Lipo hilo lililobonyea tumbo. Hilo lenye kifuniko kilichopauka. Hao mapacha wa dirishani. Na huyu mkaidi aliyemwangukia fundi mguuni." Kila alipotaja nilichora kijistari, na kila nilipochora aligeuza uso ukutani ili asishuhudie dhambi. Nilicheka mpaka nikaegemea mlango. Vikawa vijistari tisa, vyote ukuta wa kulia.

"Na tindikali je?" niliuliza. Hilo lilikuwa swali kubwa kuliko yote. Tindikali na sayanaidi havikai chumba kimoja, kwani vikigusana hutoa hewa ambayo ukiivuta mara chache tu, hurudi tena nyumbani.

"Mimi sina tindikali," alijibu, akinitazama usoni.

Upande wa kushoto kulikuwa na mifuko ya chokaa iliyopangwa mpaka begani mwangu. Sikuisogeza. Joto lilikuwa kali, njaa ilikuwa inauma, na mama niliyemwamini alikuwa amesema hana. Nikaandika "tindikali: hakuna", nikaweka saini, nikapeleka Zimamoto mwenyewe.

Moto ulikuja kiangazi, saa sita mchana. Fundi wa kuchomelea alikuwa anatengeneza geti la kiwanja cha jirani, cheche zikarukia viroba vitupu vilivyorundikwa nje ya ghala letu, na kabla hajavua miwani yake moto ulikuwa umeshapanda kwenye mbao za paa. Nikapiga simu Zimamoto. Majirani walikuja na ndoo za maji, nami nikawatukana watu wazima wenye heshima zao: "Maji hapana, kuna sayanaidi! Mchanga! Leteni mchanga!"

Gari la Zimamoto lilipofika, kamanda alishuka na faili mkononi. Ndani yake ilikuwemo orodha yangu. Sitaficha, pamoja na hofu yote nilijisikia fahari.

"Sayanaidi tisa, ukuta wa kulia. Tindikali hakuna," alisoma. "Wewe ndiye uliyeandika?"

"Ndiyo, mimi."

"Sawa. Maji yatapigwa kushoto tu, mbali na sayanaidi. Nyie wawili mtaingia kwa upande huo wa kushoto, mburute mapipa nje."

Vijana wawili wakaanza kufunga kofia zao. Mmoja alikuwa na uso wa mtu aliyemaliza shule juzi. Mama alikuwa amesimama karibu nami, akamtazama mzee mmoja rafiki yake wa kata ya Nyanungu aliyekuwa upande wa pili wa umati. Yule mzee akatikisa kichwa taratibu, ishara ya kukataza. Sikuelewa anakataza nini. Mama akafumba macho kidogo, kisha akaniachia mimi kanga yake mkononi na kutembea moja kwa moja mpaka mbele ya wale vijana.

"We mura, we kijana, simama! Rudi nyuma! Kushoto nyuma ya chokaa kuna mapipa manne ya tindikali. Manne! Si yangu, ni ya mtu, lakini yapo manne!"

Kamanda hakumtazama mama, alinitazama mimi. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Mpango wote ukabadilika hapo hapo. Mpira wa maji ukafungwa, maji yasije yakaisukuma tindikali kwenye sayanaidi, watu wakasogezwa mbali kule upepo unakotokea, vijana wakabeba mitungi ya hewa mgongoni. Walibomoa ukuta wa nyuma, wakatoa tindikali kwanza, kisha sayanaidi, na moto wakauua kwa unga wao wa kuzimia na mchanga wetu. Tulipoteza paa na mifuko ya chokaa. Hakuna aliyeumia. Yule kijana alipovua barakoa nilimwona anatabasamu, akaomba maji ya kunywa, nami nikakaa chini hapo hapo.

Jioni ile nilimfokea mama. Nalikumbuka hilo kwa aibu, maana kila asubuhi nilimwamkia shikamoo na hajawahi kunikosea heshima.

"Ulisema huna!"

"Sina. Ni ya rafiki yangu."

Akanieleza polepole jambo ambalo kila mtoto wa pale alilijua isipokuwa afisa wao. Ng'ombe wa mtu hawakai wote zizi moja. Baadhi ya ng'ombe wake mwenyewe walikuwa kata ya Gorong'a kwa rafiki, na zizini kwake walikuwemo wa yule mzee wa Nyanungu. Mtu hugawa hivyo ili ugonjwa au wezi wasimmalize siku moja. Ng'ombe mgeni utamchunga, utamkamua, utamtibu, lakini humtaji. Si wako, na mwenyewe kamleta kwako kusudi asijulikane alipo. Mzee alipoleta mapipa akaomba yahifadhiwe, mama aliyapokea kama alivyozoea kupokea ng'ombe, akayafunika vizuri, na alipoulizwa, akanyamaza vizuri.

"Wale vijana wana mama zao!" nilisema, nikiwa nalia sasa, na safari hii hakunikataza. "Na jina lililo chini ya ile karatasi ni langu!"

"Najua," alisema. "Ndiyo sababu nimesema."

Mimi ndiye niliyesomea, na mimi ndiye niliyeshindwa kusogeza mfuko wa chokaa. Nilimwambia kamanda hivyo hivyo kesho yake, akaniambia nirudie orodha ya kata nzima, na kila pipa nilishike kwa mkono wangu. Alikuwa na haki.

Mama alilipia ukweli wake kuliko mimi. Wiki hiyo hiyo mzee wa Nyanungu alikuja na wanawe, akachukua ng'ombe wake wote zizini bila kuingia ndani kusalimia. Walikuwa marafiki tangu mume wa mama akiwa hai. Mama alisimama mlangoni mwa zizi mpaka vumbi likatulia, kisha akaingia jikoni, na siku ile ugali haukuiva vizuri. Nilimpenda sana siku ile na sikujua pa kuliweka pendo lenyewe, nikaosha vyombo vyote, hata visafi.

Ghala lilipoezekwa upya nikamfuata na fomu mpya. Nilisogeza kila kitu, nikachungulia kila kona. Yeye akatembea mbele yangu, akaweka kiganja juu ya kila pipa, na akahesabu kwa sauti: moja, mbili, tatu, mpaka la mwisho. Nikaandika, nikafunga kalamu.

"Hujamaliza," alisema. "Andika na watu. Wale vijana wakija tena lazima wajue ndani ya nyumba kuna nani wa kutoa."

Nikafungua kalamu. Mimi nilikuwa mtu wa Morogoro, nina mama yangu huko, na chumba cha huyu mama nilikuwa nakikalia tu. Nikauliza kama afisa, macho kwenye karatasi.

"Watu wangapi, mama?"

"Wawili," alisema, akasubiri aone nimeandika.